Mzee Fumua na Mshono wa Ubavuni

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Walimwita Mzee Fumua, naye aliitika bila kinyongo. Walimpa jina hilo mafundi wenzake, enzi zile barabara yote ya maduka ilipokuwa na cherehani katika kila kibaraza, na ukipita asubuhi ulisikia miguu ikikanyaga kama mvua inayokaribia. Akimaliza suruali aliigeuza ndani nje, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono kutoka kiunoni hadi pindoni. Ukucha ukienda upande hata kidogo, alichomoa nusu ya wembe aliyoihifadhi ndani ya kipande cha kadibodi, akafumua. Hakujali mwenye nguo ana haraka gani.

"Fundi, nitachelewa harusi!" alilalamika bwana mmoja aliyekuwa amejifunga taulo kiunoni akingoja suruali yake.

"Bwana harusi si wewe? Wataanza na nani?"

Bwana huyo ndiye peke yake aliyemshinda. Ndugu zake walikuja juu, honi zikalia nje, ikabidi Mzee Fumua amvalishe suruali hivyo hivyo na kuufunga mshono wa paja kwa sindano ya mkono, mtu mwenyewe akiwa amesimama, anahema, mguu unamtetemeka. Mshono ule haukupita chini ya ukucha. Uliondoka umepinda, ukaenda kuoa, na kwa miaka mingi kila alipokutana na yule bwana njiani na watoto wake, Mzee Fumua alimtazama paja kwanza, uso baadaye.

Mambo hayo yamekwisha. Siku hizi nguo zinakuja zimeshonwa tayari, zimekunjwa kwenye mifuko ya plastiki, na binadamu wote wamegawanywa katika herufi tatu nne: wewe herufi hii, mwenzako herufi ile, na kama bega lako moja liko juu ya jingine, shauri yako. Zamani mtu aliyepimwa na fundi alikuwa amejulikana. Fundi alijua nani anaficha kitambi kwa kuvuta pumzi, nani ameanza kuinama, nani ameanza kula tena baada ya msiba. Na alimwachia akiba, vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, ili mwili ukinenepa nguo iufuate. Nguo ilishonewa mtu wa leo na mtu atakayekuwa kesho. Nani leo anaacha akiba? Nguo ikibana inatupwa, inanunuliwa nyingine, na hiyo nayo inabana.

Mzee Fumua alibaki na chumba chake cha mbele chenye dirisha la barabarani, cherehani nyeusi ya kukanyaga, meza ndefu ya kukatia yenye makovu ya mikasi, na wateja wa zipu. Zipu tu. Mtu analeta begi la mgongoni badala ya koti, anasema "fundi, nirekebishie hapa," huku macho yako kwenye simu.

Katika watoto wake wote, aliyezaliwa na mkono wa kushona alikuwa kitinda mimba wake, binti. Akiwa bado mtoto wa shule alijishonea mwenyewe gauni la sherehe ya kumaliza masomo. Mchana wa siku ile, akiwa bafuni anaoga, baba mtu alilikagua, akaona kola imelala vibaya, akafumua. Alishona upya haraka na kwa ustadi, na gauni likawahi sherehe. Lilipendeza sana. Kila aliyemwona binti alisema, "Ama kweli, baba yako ni fundi." Kesho yake binti aliweka kastabini yake, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, juu ya meza ya kukatia, na hakurudi tena kwenye cherehani. Baba alidhani ni mambo ya ujana. Akaitia kastabini kwenye droo ya chini, akaendelea na kazi.

Sasa binti alikuwa mtu mzima, anauza vifuniko vya simu katika duka ambalo mwenye mali hakuweka hata kiti cha muuzaji. Jioni moja, wazazi wake wakinywa chai, akasema, "Baba, naomba chumba cha mbele."

"Cha nini?"

"Nataka kushona."

Mzee Fumua akashusha kikombe. Mkewe akamtazama. "Umesikia, au nikutafsirie?"

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kundi la maigizo la mjini lilikuwa na chumba cha mavazi, na chumba hicho kilikuwa kinatafuta mtu mmoja wa kufundishwa kazi na kuajiriwa. Badala ya kuuliza vyeti, walitangaza maonyesho: kila mshindani ashone nyumbani kwake vazi la shujaa wa filamu, liwe kama lilivyo kwenye picha. Kufanana tu hakutoshi. Wakaguzi watakuwa na picha za filamu mkononi, watatazama kitu kwa kitu. Wa kwanza ndiye anayeingia.

Binti alikuwa amechagua mwanamke mmoja wa filamu ambaye kazi yake ni kuingia kwenye moto na kutoka na watu mabegani. Vazi lake ni la reksini, ile ngozi ya bandia, rangi ya damu ya mzee, limembana mwili mzima, na mabegani ana mabamba kama ya shaba.

"Kwa hiyo unamshonea nguo mtu ambaye hayupo," alisema Mzee Fumua.

"Yupo kwenye filamu, baba."

"Ndiyo nasema. Hayupo."

"Chumba unanipa au hunipi?"

"Chukua. Kwani kinafanya nini? Kinangoja zipu."

"Sharti moja. Usiguse."

"Niguse nini?"

"Chochote. Hata ukiona nini."

"Nitamfunga kamba," alisema mama mtu.

Basi cherehani ikaanza kulia tena. Mzee alijikalia kibarazani akijifanya anasoma gazeti, masikio yote yako ndani. Alitambua kwa mlio kwamba binti hakusahau kitu: alianza taratibu, akapunguza kwenye kona, akarudi nyuma kidogo kufunga mshono. Siku nyingine alichungulia, akamkuta amesimama katikati ya chumba amezungushiwa plastiki ya kufungia chakula kutoka shingoni hadi magotini, na rafiki yake, msusi mwenye saluni kona ya pili, anamzungushia karatasi ya gundi juu yake.

"Shikamoo, baba," alisema msusi.

"Marahaba. Mwanangu mnamsafirisha wapi?"

"Tunampima."

"Na futi yangu pale ukutani ina ugonjwa gani?"

Binti hakuweza kugeuka, akasema huku ametazama ukuta. "Futi inakupa mzunguko, baba. Hii inachukua umbo. Nachora mistari ya mishono hapa juu, tunakata, vipande vinatoka vyenyewe."

Mzee Fumua aliguna, akaondoka. Lakini alikuwa ameona mahali alipouweka mstari wa kiuno. Ni pale pale ambapo yeye mwenyewe angeuweka.

Mabega ya shaba yalitoka kwenye mkeka wa sponji wa kufanyia mazoezi. Msusi alileta mashine yake ya kukaushia nywele, wakaupasha mkeka mpaka ukalainika, wakaukunjia juu ya sufuria, ukapoa na umbo la bega. Rangi nyeusi kwanza, halafu ya shaba ikipakwa kwa ncha ya kidole pale tu ambapo chuma cha kweli kingechubuka. Mzee aliliona bega moja limeanikwa dirishani, akaliinua ili apime uzito, mkono nusura upige dari kwa wepesi wake. Akacheka peke yake, kisha akakasirika kwamba amecheka. Ulimwengu umefika mahali shaba inatengenezwa kwa mkeka, na inapendeza.

Siku mbili kabla ya maonyesho, binti akiwa kazini, Mzee Fumua aliingia kuchukua mkasi wa kukatia kucha. Vazi lilikuwa limevalishwa kwenye kiwiliwili cha mbao, karibu na dirisha. Alisema hatagusa. Alipitisha ukucha tu, maana kupitisha ukucha si kugusa. Mshono wa kulia ulikuwa mnyoofu. Wa mikono, mnyoofu. Wa mgongo, safi. Kifua kikamjaa. Ndipo akazunguka upande wa kushoto.

Kutoka kwapani hadi kiunoni kulikuwa na mshono wa mkono umepinda kama njia ya mchwa. Hatua moja ndefu, nyingine fupi, uzi umevutwa huku, umelegea kule. Mzee Fumua alishika kichwa. Mtoto amechoka, alijisemea. Anasimama dukani mchana kutwa, anakuja kushona amechoka, na kesho kutwa watu wataupiga picha mshono huu na kucheka. Moyoni mwake hakuona kwamba anavunja sharti. Aliona anamsitiri mwanawe. Kosa alilofanya asingelifanya mtu mwingine yeyote pale mtaani, kwa sababu mwingine asingeuona hata huo mshono.

Akachomoa wembe, akafumua. Akapiga chaki kwa rula, akaketi kwenye cherehani, akashona mstari ulionyooka kama waya wa simu.

Alipoligeuza vazi nje ndipo akaona alichofanya. Maisha yake yote alikuwa ameshona sufu, pamba na kitani. Ukifumua sufu, ukikwaruza kwa ukucha na kupitisha mvuke wa pasi, nyuzi zinarudiana, tundu linaziba. Kitambaa kinasamehe. Reksini haisamehi. Kila mahali sindano ya binti ilipopita palibaki tundu, na sasa kandokando ya mshono wake mpya kulikuwa na alama kama nyayo za kuku. Alikwaruza, wapi! Akaikumbuka pasi, akakumbuka kwamba kitu hiki kikiona pasi kinayeyuka. Akalirudisha vazi kwenye kiwiliwili na kuugeuza ubavu ule ukutani, kama mtoto aliyevunja kikombe.

Binti aliporudi aligundua kabla hajavua viatu.

"Baba."

Hakupiga kelele. Mzee angependa apige kelele.

"Ulikuwa umepinda, mama," alisema. "Nikaona kabla hujaaibika—"

"Unatakiwa upinde."

"Mshono hautakiwi kupinda."

"Huu unatakiwa! Kwenye filamu umepinda, baba. Baada ya ule moto mkubwa, vazi lake lina mshono huu, kila mtu aliyeitazama vizuri anaujua. Nimeurudia kwenye vipande vya majaribio mpaka vidole vimevimba, ndipo nikaushona hapa." Alipitisha kidole juu ya matundu. "Na reksini ya rangi hii imekwisha dukani. Nilichukua ya mwisho."

Mzee akakosa pa kuweka mikono.

"Hata lile gauni la shule," alisema binti taratibu, "kola yake ilikuwa mbaya, najua. Lakini ilikuwa yangu." Akatoka.

Mama mtu alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akamtazama mumewe juu hadi chini. "Haya," alisema, "na hilo nalo fumua."

Asubuhi iliyofuata Mzee Fumua alivaa koti lake zuri, akaenda saluni kwa msusi. Wanawake waliokuwa chini ya mashine walimgeukia wote.

"Karibu, baba. Leo tukusuke?"

"Nisukeni, mradi mnionyeshe hiyo filamu."

Msusi alimpa kiti na kompyuta ndogo, akamwonyesha kitufe cha kusimamisha picha. Mzee aliitazama filamu yote, moto, majengo na watu wanaoruka. Habari yake ilimwingia kidogo sana. Alikuwa anatazama ubavu. Nusu ya kwanza vazi lilikuwa zima. Halafu, baada ya moto mkubwa, mshono ule hapo, na hakuna mtu katika filamu anayeutaja. Akasimamisha. Akasogeza pua mpaka karibu aguse kioo.

Uzi ulikuwa umeingia kutoka chini kwenda juu. Hakuna fundi anayeshona hivyo mezani. Hatua zilikuwa fupi pale mbavu zinapotuna, ndefu pale zinaposhuka, fupi tena. Mbavu zilizotuna na kushuka zilikuwa za mtu anayehema. Vazi lilichanika kazini, na huko mbali, katika mji asioujua, fundi mmoja alipiga magoti mbele ya mwanamke aliyesimama, watu wanamwita, taa zinamngoja, honi zake zinalia, akashona kutoka chini kwenda juu mtu akiwa ndani ya nguo. Mshono ule haukupita chini ya ukucha wa mtu. Uliondoka hivyo hivyo, na dunia nzima ikautazama.

Filamu ilipoisha majina ya wafanyakazi yalianza kupanda. Mzee alitaka kuliona la yule fundi, lakini yalipita mbio kuliko macho yake.

Alimkuta binti katika chumba cha mbele, vazi liko mapajani, halishoni wala halifumui.

"Mshono huu haukushonewa mezani," alisema, bado amesimama mlangoni na koti lake.

"Najua. Ni wa mkono."

"Wa mkono, na mtu yuko ndani anahema. Wewe uliupinda kwa makusudi. Ule wa filamu ulipinda wenyewe." Akamweleza habari ya uzi na mbavu. Kisha akamweleza habari ya bwana harusi, ambayo binti aliijua tangu utotoni kama kichekesho cha baba, lakini safari hii hakuna aliyecheka. "Ukiingia humo ndani nikakushonea mwilini, utatoka vile vile. Na tukiupeleka mshono ndani zaidi kidogo, matundu yangu yatamezwa, karibu yote." Akatazama chini. "Shida ni kwamba vazi litabana. Hutaweza kuvuta pumzi."

Binti aliligeuza vazi ndani nje, akalilaza juu ya meza, akamwonyesha mshono wa mgongo. Ndani yake, pande zote mbili, kulikuwa na reksini imekunjwa vizuri na kupigwa bandi, ule mshono mwepesi wa kushikiza. Upana wake vidole viwili.

Mzee Fumua aliigusa. Safari hii aliruhusiwa.

"Nguo ya siku moja," alisema. "Umeiachia akiba?"

"Hata sikufikiri, baba. Mkono ndio uliacha."

Walifungua mgongo, wakatoa nafasi, wakaufunga tena. Binti akavaa, akapanda juu ya kigoda. Mama mtu akashika simu yenye picha. Mzee akavaa kastabini, akapiga magoti, na magoti yakalia kama mlango.

"Hema kama kawaida."

"Nahema. Hapo umenyoosha."

"Sijanyoosha."

"Umenyoosha, baba!"

"Mkono huu haujui kupinda, mama, upe nafasi."

"Mwache babako, anajifunza kazi," alisema mke wake. "Sasa rudi kushoto. Siyo hapo. Hee, na wewe! Kushoto ni huku."

Jasho lilimtoka kuliko siku ya bwana harusi. Polepole akaacha kutazama mstari na kuanza kuzifuata mbavu: zilipopanda akasubiri, ziliposhuka akachoma. Alikuwa hajawahi kuwa karibu hivi na pumzi ya mtoto huyu tangu akiwa wa kubebwa. Alipofika kwapani, matundu machache ya zamani yaligoma kumezwa. Yalikaa pale nje, yamejipanga.

"Haya yatabaki," alisema.

"Nitabana mkono."

Siku ya maonyesho hakwenda. Alikaa kibarazani na gazeti lile lile mpaka alasiri, binti alipotokea kona ya saluni na mfuko mkubwa begani. Mwendo wake haukusema kitu.

"Wamempa mwingine," alisema kabla ya kuulizwa. "Kijana mwenye kofia ya taa." Akaketi kwenye ngazi. "Mmoja wa wakaguzi ni mama mmoja, mkuu wa kile chumba cha mavazi. Hakushika hata picha. Alipitisha ukucha juu ya mshono, baba. Ukucha, kama wewe. Akaniuliza nani alinishonea nikiwa ndani. Akasema huo ndio mshono pekee pale ukumbini ulioshonwa kama wa filamu."

"Halafu?"

"Halafu akasema, inua mkono."

Mzee Fumua akafumba macho.

"Akaniuliza haya matundu ni ya nini, mbona kwenye filamu hayapo. Nikamwambia, hapo alipita baba yangu." Binti alivua viatu, akasugua miguu. "Alicheka, lakini maksi alizikata. Mwakani wanachukua mtu mwingine."

"Mwakani sitagusa."

"Mwakani utagusa nikikuambia."

Akaingia ndani kula. Mzee alibaki na mfuko. Nafasi ile ilikuwa imempita mtoto kwa sababu yake, na hakuna mvuke wa pasi utakaoliziba hilo. Alilijua, wala hakujidanganya. Akaenda chumba cha mbele, akalivalisha vazi kwenye kiwiliwili cha mbao, akakisogeza mpaka dirishani, mahali ambapo zamani aliweka suti za maharusi. Akakigeuza, ubavu wa kushoto ukatazama barabara.

Jioni alipita fundi mmoja mzee wa enzi zile, sasa anauza vocha za simu. Akasimama, akakunja macho.

"Mzee Fumua! Huo mshono mbona umepinda?"

"Najua," alijibu kutoka ndani. "Uache."